Kicheko cha Kamatanda

Likasi, Jumapili tarehe 9 Mei 1993

Kwako yaya Philomène, dada yangu mkubwa, huko Mwene-Ditu,

Yaya, nakupa salamu kwa mikono miwili, na kabla ya neno lolote naomba nikuulize: usingizi umerudi? Mama anasema ukirudi usingizi, mengine yote yatafuata polepole. Sisi huku ni wazima kwa kadiri ya watu wanaoishi Likasi mwaka huu, maana yake tunakula mara moja kwa siku na wiki hii hatujazika mtu. Mguu wa Mama unamuuma baridi ya asubuhi ikianza, lakini misa haikosi. Na Carine je, sikio lake limeacha kutoa usaha? Mwoshe kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, usimtie mafuta, sikiliza maneno yangu kwa hilo. Na Jeancy mdogo, huyo uliyemzaa pale stesheni juu ya mifuko, ameshaota meno? Mama anamwita mtoto wa reli, halafu anageuka upande apate kufuta macho.

Utaona nakuandikia Kiswahili cha shule, kile Ba Père wa misheni walichotufundisha kwa fimbo. Usidhani najivuna. Cha nyumbani kikianza kunitoka nitalia, na karatasi nilizo nazo ni chache, zikilowa sina nyingine.

Barua yako nimeipata mkononi mwa Elie mwenyewe. Alishuka Ijumaa kwenye treni ya askari wanaosindikiza watu wa Kasai waliofukuzwa huku, ile inayokwenda imejaa na kurudi tupu. Nilimwona mlangoni, nikarudi hatua moja nyuma, maana amefanana na marehemu kaka yake, Mukendi wako, kuliko nilivyokumbuka, hasa akisimama na kuegemea mguu mmoja. Ameniheshimu sana. Ananiita shemeji, ameniletea mahindi yako, akampulizia Mama moto wa mkaa kwa mdomo wake mwenyewe. Sasa hivi yuko uani, amekaa kwenye kigoda na bunduki juu ya mapaja, anakunywa chai.

Maneno yako yalikuwa mistari minne tu. Umeandika kwamba Germain muuza makala, huyo wa mkaa, ndiye aliyewauza, kwamba wewe ulimwona kwa macho yako dirishani, kwamba Elie hajui mtaa wa Kamatanda na mimi ndiye wa kumwonyesha nyumba, na kwamba akishaonyeshwa atajua la kufanya. Nimekubali. Tumepatana nimpeleke leo baada ya misa ya kwanza, na misa imekwisha. Nimemwomba anivumilie niandike barua hii, kwa sababu Adrien fundi wa treni anaondoka saa sita za mchana, na ndiye atakayekubebea. Elie amesema haina neno, mtu anayengojwa ana mkono mmoja tu, hatakimbia mbali.

Sasa, yaya, nakuomba kitu. Isome barua hii mpaka mwisho. Hata ukitaka kuichana katikati, usiichane.

Unakumbuka jinsi staji yangu, yale mafunzo ya kazini, ilivyoanza. Nilikuwa mwaka wa tatu Lubumbashi, chuo kinafunguliwa wiki moja kinafungwa mbili, walimu hawalipwi, sisi tunasoma kwa mishumaa ya kanisani. Profesa Camille pekee ndiye aliyebaki na moto. Alisema mtu hajifunzi burudani darasani kama vile mtu hajifunzi kuogelea kitandani, basi kila mmoja wetu lazima afanye miezi sita ya staji kwa wenye kazi yao. Mmoja akapelekwa kwenye okestra, mwingine redioni, mwingine kwenye jumba la sinema ambalo hata filamu halikuwa nazo tena. Mimi nikapelekwa huku kwetu, kwenye kundi la michezo ya kuchekesha liitwalo Kianga. Mama aliuliza ni nani anajifunza kuchekesha watu wakati watu wanakufa njaa. Wewe ukasema Albertine hana haja ya staji, tangu tumboni mdomo wake haufungiki. Mukendi alicheka mpaka akakohoa. Akanipa kalamu yake ya kazini, ile ya wino mweusi.

Mkuu wa kundi alikuwa Papa Nicolas, karani wa zamani, mtu wa tai na viatu vilivyotoboka. Mchekeshaji mwenyewe alikuwa Dodo. Tulicheza alasiri kwenye ua wa baa au uwanja wa shule, na kiingilio kilikuwa kopo la unga au kipande cha sabuni, kwa sababu noti zilikuwa zimegeuka majani. Lakini Kianga walikuwa na desturi yao, na hiyo ndiyo iliyojaza viwanja: Dodo hapandi jukwaani bila kujua mambo ya mtaa. Siku tatu kabla ya mchezo mtu lazima apite nyumba kwa nyumba, kwenye bomba la maji, sokoni, aandike daftarini nani ni nani na anachekwa kwa lipi. Nani anaficha nyama kitandani, nani anamwogopa mama mkwe, nani amenunua redio isiyo na betri na kuibeba begani kila Jumapili. Ile kazi ikawa yangu. Watu hawakukasirika, yaya, unawajua watu wetu. Asiyetajwa ndiye aliyenuna. Mtaani kwenu Shituru walimtaja hata Mukendi, kwamba anapiga pasi ovaroli ya kiwandani kwa mistari miwili kama suruali ya harusi. Ulikuwepo siku hiyo, ulimwona alivyoshika ukuta kwa kucheka.

Daftari la pili lilikuwa la profesa. Baada ya kila utani niliandika kama kicheko kilikuwa kifupi, kirefu au kirefu sana, kilidumu sekunde ngapi, na kwa sababu gani. Alisema kicheko ni madini, lazima upime kabla ya kuyeyusha. Nilipenda kazi hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa. Nilikuwa na kipaji, naomba niliseme bila aibu leo, kwa sababu kesho haitanisaidia. Nusu ya maneno yaliyomfanya Dodo kuwa Dodo mwaka huo yalikuwa yangu.

Halafu ikaja Agosti ya mwaka jana, na vicheko vikaharibika.

Dodo alikuwa na mchezo wake wa miaka mingi, mzee wa Kasai anayefika Katanga na valizi, yaani sanduku la safari, kubwa kuliko yeye, ndani ya valizi kuna valizi nyingine. Wakasai wenyewe ndio walioucheka kwanza, tena kwa nguvu. Shituru siku ile Dodo aliingia na koti lake refu na valizi, na uwanja ukanyamaza. Sauti moja nyuma ikasema bilulu warudi kwao, wadudu hawa. Ya pili ikarudia. Chupa ikaruka, ikampasua Dodo paji la uso. Alivua kofia, akapiga kelele kwa Kisanga, lugha ya wenyeji, kwamba yeye ni Dodo, mtoto wa hapa hapa, baba yake anajulikana. Waliendelea kumpiga. Walipiga lile koti, na yeye alikuwa ndani ya koti. Kulikuwa na mama mzee muuza karanga ambaye alikuwa amecheka mwanzoni na kusema neno kwa Kiluba cha Kasai, lugha ya kwao. Wakamvuta kwa kitambaa chake cha kichwa, wakamburuta kwenye mchanga, kijana wa umri wangu akamkanyaga mdomo kwa kisigino mara mbili huku akihesabu. Karanga zilimwagika, na watu waliziokota. Mimi nilisimama na madaftari yangu mawili. Unataka kujua nilifanya nini? Niliandika: hakuna kicheko.

Nyumba zikafuata. Wale vijana wenye vitambaa vyekundu kichwani walikuja kwa malori kutoka mbali, wengi wao hawakuwa watu wa Likasi, hawakujua nyumba ya nani ni ipi, basi walipiga mlango na kumsikiliza mtu anavyosema. Neno moja lilitosha. Walimtoa mwalimu wa Carine na pajama, wakamrudisha ndani, wakafunga kwa msumari na kuwasha. Watu walikimbilia stesheni kwa maelfu. Mukendi alikataa. Alisema kitovu chake kimezikwa Shituru, hawezi kwenda kulala relini kama mzigo ambao mwenyewe hajulikani. Ndipo wewe ukafikiria nyumba ya marehemu shangazi, Kamatanda, na Germain akaja na mkokoteni wake akamlaza Mukendi chini ya magunia ya makala. Alikohoa mate meusi siku mbili. Hata Mama hatukumwambia. Walijua watu wawili tu, Germain anayekaa mbele ya nyumba hiyo, na mimi. Kwa hiyo nakuelewa, yaya. Ukiondoa mdogo wako wa tumbo moja, anabaki nani? Anabaki Germain.

Tena alikuja jioni ya kuamkia siku ile kuwaonya. Uliniambia stesheni: alijuaje kwamba wanakuja, kama si yeye aliyewaita? Na kesho yake ulimwona anatangulia kundi. Nimeyapima hayo yote kama jaji. Mtu mwingine yeyote angemhukumu.

Lakini sikiliza ambacho dirisha halikukuonyesha. Nimekipata kwake mwenyewe na kwa Michelle wa kwenye bomba, aliyekuwa amejificha nyuma ya pipa. Walimkamata Germain asubuhi kwenye rundo lake la makala. Walimuuliza yuko wapi mwanaume wa fulari, yule anayefunga kitambaa shingoni. Akasema hajui. Walimwekea mkono wa kulia juu ya jiwe lake la kupasulia kuni na kuupiga kwa chuma cha reli, na wakauliza tena. Akasema basi twendeni. Akawapeleka mwisho kabisa wa mtaa, kwenye nyumba ya mkatekista aliyekuwa amekimbia wiki moja kabla, akijua haina mtu. Alitumaini makelele yatawafikia ninyi, mtoke kwa nyuma. Walivunja mlango, wakakuta kuku mmoja. Hapo walimpiga kwenye mbavu mpaka akajinyea, naomba radhi kwa neno hilo, yeye mwenyewe analisema. Wakamfunga kamba shingoni, wakamsukuma mbele, mlango kwa mlango, wakimgonga kichwa chake kwenye kila mlango badala ya kubisha. Ndiyo maana alitangulia. Kamba hukuiona kwa sababu ya ule umati. Kwenye mlango wenu alifika hajui hata yuko wapi.

Na Mukendi akatoka mwenyewe. Hakuna aliyemwonyesha, yaya. Alisikia wanasema wachome mtaa wote, akatoka na fulari yake shingoni. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu akasema kwa sauti yake: ni mimi, watoto wasiguswe. Waliyomfanyia uliyaona, na mchi uliotumika ulikuwa wa jikoni kwako, sitakuandikia ulichokwisha kukiosha kwa mikono yako. Nataka tu ujue kwamba Germain alikuwa chini mita tatu kutoka pale, na alipomwona Carine anakimbia kwa baba yake alimshika mguu kwa mkono mmoja uliobaki. Pigo lililompata mtoto sikioni lilikuwa linakuja kichwani.

Sasa utauliza. Elie pia atauliza, kwa sababu ni mtu wa akili. Kama si Germain, walijuaje habari ya fulari?

Jumamosi kabla ya siku hiyo Kianga tulicheza Kamatanda. Papa Nicolas hakutaka. Wale vijana wakaja wakamwambia watu wanahitaji kufurahi, na walimwambia wakiwa wamebeba mapanga. Dodo hakutaka, mshono wa paji la uso ulikuwa mbichi bado. Mimi nilitaka. Profesa alidai michezo sita kwa ripoti yangu, na nilikuwa na mitano. Nilizunguka Kamatanda siku mbili na daftari langu, hakuna aliyefungua mdomo. Nani angempa mtu siri ya jirani wakati ule? Ukurasa ulikuwa mtupu, na mimi siwezi kuvumilia ukurasa mtupu, huo ndio ugonjwa wangu.

Alhamisi nikapita kwenu na unga. Tulikaa jikoni, wewe unachambua sombe, majani ya muhogo. Ukaniambia jinsi mlivyowadanganya majirani, kwamba mume wako sasa ni Papa Monga wa Bukama, jina la baba yetu sisi, na kwamba ni mgonjwa wa koo hawezi kusema, mkamfunga fulari ya sufu kwenye jua kali lile ili lafudhi yake isisikike. Ulikuwa unalia na unacheka pamoja. Ukasema mdogo wangu, mimi ndiye niliyemwoa huyu mwanaume. Mukendi alikuwa nyuma ya mlango, akatikisa kichwa, akafungua mdomo bila sauti kama samaki wa ziwa Tshangalele ili kutuchekesha. Tulicheka sote watatu tukijiziba mdomo. Ilikuwa mara ya mwisho kumwona akiwa mzima.

Nilirudi nyumbani, nikachukua kalamu aliyonipa, nikaandika.

Nakuandikia kama yalivyosemwa, kwa Kiswahili chetu, kwa sababu hayo siwezi kuyavalisha viatu. Kuko mwanaume moya hapa Kamatanda, bibi njo alimuowa ye. Jina, ya bibi. Nyumba, ya bibi. Hata sauti bibi alikamata, akamuachia fulari tu ya kufunga mu shingo.

Hayo ni yangu, yaya. Si ya Dodo. Nilijiambia sikutaja jina, sikutaja nyumba, ni utani wa mume na mke kama ule wa siku zote, nani atafikiri? Lakini nilifikiri. Nakuapia kwa jina la Mama kwamba nilifikiri. Nililala nalo, nikaamka nalo, na asubuhi nikasema moyoni: ni zuri mno kulitupa. Dodo aliponiuliza, Albertine, huyu mtu yuko kweli? nilimjibu nimebuni. Alinitazama, akauliza tena. Nikamjibu tena nimebuni, nikakasirika hata, kama mtu anayeonewa.

Watazamaji walikuwa baridi siku ile. Watu walikaa kwa sababu waliamrishwa. Dodo anasema, hakuna anayecheka, wale vijana wamesimama pembeni. Akafika kwenye maneno yangu. Kwanza alicheka mama mmoja, na baada yake uwanja wote ukalipuka. Watu ambao hawakuwa wamecheka tangu Agosti waliinama, wakapigana mabega, wakafuta machozi. Nilitazama saa: sekunde kumi na moja. Yaya, naweza kukudanganya mengi, lakini hili hapana. Nilifurahi. Mwili mzima ulifurahi, mpaka kwenye vidole vya miguu.

Mtu mmoja tu hakucheka. Germain aliinuka katikati ya kicheko, akapita mbele ya watu, akaondoka haraka. Alikuwa anakuja kwenu. Ndivyo alivyojua. Na kijana mmoja wa vitambaa, Albert wanamwita, hakucheka pia. Alimuuliza jirani yake kwa nini mwanaume afunge fulari kwenye joto hili. Nilimsikia, nilikuwa karibu naye kama nilivyo karibu na meza hii. Nikamwona anamtazama Germain anavyokwenda.

Ningeweza kukimbia. Kutoka uwanja ule mpaka mlango wako si hata dakika kumi. Nilibaki kwa sababu mchezo haukuwa umekwisha na daftari la profesa lilikuwa na mistari iliyobaki. Nikajiambia kesho asubuhi nitapita. Kesho yake nilipofika nilikuta umesimama na ndoo.

Tangu siku ile nimenyamaza miezi saba. Stesheni ulilala kichwa mapajani mwangu ukamtaja Germain, nikakusuka nywele. Uliposhikwa uchungu wa kuzaa na kumlaani Germain kwa kila maumivu, nilikushika mkono nikasema ndiyo yaya. Dodo ameacha kuchekesha, anauza mishumaa, akiniona anavuka barabara. Ripoti yangu niliimaliza. Niliandika: Kamatanda, kicheko kirefu sana, sekunde kumi na moja, sababu ni ukweli wa maisha ya mtaa. Profesa Camille alinipa distinction, alama ya juu, na kuisoma mbele ya wenzangu. Mama ameitundika karatasi ile karibu na Bikira Maria.

Germain hajui. Anadhani ni bahati mbaya ya wachekeshaji, anasema ulimi hauna mfupa. Nikienda kumwona ananisalimu kwa mkono wa kushoto, na kila mara ananiomba msamaha kwa kunipa wa kushoto. Ulipoandika mistari ile minne, nilikaa nayo usiku na mchana nikitafuta njia. Nitakuambia jambo la mwisho la aibu: kwa saa kadhaa niliona afadhali. Nilisema moyoni, mzee amekwisha vunjika, hana mke, Elie atamaliza na jambo litazikwa naye, nitabaki dada yako. Nilimjibu Elie nitakupeleka, na nilipomjibu nilikuwa namaanisha. Leo kanisani Germain alikuwa kwenye benchi la mbele yetu. Wakati wa kupeana amani aligeuka, akamtolea Elie ule mkono wa kushoto bila kumjua, na Elie, asiyemjua pia, akaushika.

Basi nimeamua. Nikimaliza kuandika nitampa Adrien bahasha, yuko hapa barabarani anangoja. Akishaondoka nitakwenda uani kumwambia Elie kila neno nililokuandikia, kwa mdomo wangu. Nimetaka wewe upate kwanza kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu sijui kama nitapata nafasi ya kusema mara ya pili. Mama nimemwomba abaki kanisani na wenzake wa Legio ya Maria mpaka jioni. Atakalofanya Elie, usimlaumu, na usimwache atoroke jeshini kwa ajili yangu, ana watoto. Ila Germain msimguse. Ukiweza, mwandikie hata salamu moja, hakuna mtu amemwambia asante.

Msamaha sikuombi. Ningekuwa wewe nisingenipa.

Nisalimie Carine, mwambie shangazi yake mdogo hajasahau wimbo wake. Jeancy mpake mafuta nyayoni, baridi ya huko nasikia ni kali. Wasalimie ba mama wakwe na wote waliokupokea, Mungu awajalie chakula. Mama anakusalimu, hajui lolote, na naomba akuone wewe kabla hajasikia.

Elie ameweka kikombe chini. Anauliza kama niko tayari, jua linapanda na Kamatanda ni mbali. Nimemjibu nakuja.

Mdogo wako,
Albertine Monga